Malalamiko Kuhusu Nyasi Zisizoota Nyuma ya Nyumba Yetu

Chanika, Handeni
Alhamisi, baada ya shule

Kwa Baba Mkubwa Mdoe,
Magoma, Korogwe.

Shikamoo Baba Mkubwa,

YAH: KUNG'OLEWA KWA UWANJA

Kabla ya malalamiko nakiri jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Wote mnajua mimi ni mpole. Shuleni nanyamaza kwa Kiingereza, nyumbani nanyamaza kwa Kiswahili, na kwenye ripoti wanaandika kwamba nina nidhamu. Ukweli ni kwamba kila jioni nilikuwa naenda nyuma ya jiko, katikati ya mahindi, naongea peke yangu kwa sauti. Nilikuwa namjibu mwalimu swali la asubuhi. Nilikuwa nagombana na Shadya, binti wa jirani, ambaye mpaka leo hajui kwamba tumegombana mara sita na zote nimeshinda. Duniani sikuwa na mahali pengine pa kusemea.

Sasa pana uwanja wa nyasi bandia.

Nilisikia ulivyomwambia baba kwenye simu: kiwanja ni cha familia, mkubwa ni wewe, Jumamosi unakuja na mafundi, na akilalamika hata mtu mmoja wa nyumba hii, hilo zulia linang'olewa, mahindi yanarudi. Mtu mmoja huyo ni mimi. Kwa kuwa namheshimu baba, namshtaki kwa adabu, kama ifuatavyo:

1. Sikuulizwa. Au tuseme niliulizwa. Mwezi wa tano, tukiwa tunakula, baba alisema, "Mwanaisha mwanangu, nikujengee uwanja hapo nyuma, upate wenzio wa kucheza nao?" Nikatazama sahani. Nilikuwa natafuta namna ya kukataa kwa heshima, na namna hiyo huchukua muda kupatikana. Bibi Mwaija akapiga makofi: "Kanyamaza! Karidhia huyo!" Na vigelegele juu. Baba Mkubwa, hivyo ndivyo anavyoulizwa mwali kuhusu mchumba. Kwa utaratibu wa ukoo wetu, mimi nimeozwa uwanja. Mahari ilikuwa malori mawili ya kokoto.

2. Bwana mwenyewe ana kiu. Fundi Godlisten, alipomaliza kumbandika kwa gundi, alituapia kwamba nyasi hizi hazihitaji maji. Kumbe ikifika saa saba mchana zinaunguza nyayo kama kikaango, kwa hiyo baba anazimwagia ndoo nane ili zipoe. Mchicha wa mama, ambao una mizizi na ungejua la kufanya na maji, umekauka. Lakini mchicha hauna mistari myeupe, kosa ni lake.

3. Ugali. Bibi aliona mahali papana, pakavu, pasipo na vumbi, akaanika mahindi, kama ambavyo angefanya mtu yeyote mwenye akili zake. Hakujua kwamba katikati ya nyasi zile kumemwagwa chembe nyeusi za mpira ili mchezaji akianguka asiumie. Wakati wa kuzoa akazoa vyote, na mashineni vikasagwa vyote. Ugali ule ukiubonyeza unainuka tena. Baba alikula matonge manne akisema ni ufuta. Nadhani sasa hivi hata tukianguka kutoka juu ya bati hatuumii.

4. Mzee Mhina wa nyumba ya pili. Aliegemea ua wetu akauliza, "Mustapha, majani haya unavuna mwezi gani?" Baba akajibu, "Haya hayavunwi mzee, haya yanachezewa." Mzee akatikisa kichwa: "Basi ni kama shamba la mwanangu kule Kabuku." Mtaa mzima ulisikia.

5. Wageni. Kuanzia saa kumi jioni wasichana kumi na wanne wanacheza netiboli palepale nilipokuwa nasemea. Shadya ndiye kapteni, amejichagua mwenyewe. Baba anafunga duka mapema, anasimama pembeni na filimbi. Kila baada ya muda anaangalia dirisha langu, halafu anaangalia chini. Anafanya hivyo kila siku. Mimi navuta pazia. Hili naomba usilisome mbele ya watu.

Kwa hiyo naomba uwanja ung'olewe. Naomba talaka, zote tatu kwa mkupuo mmoja. Kokoto zirudi kwa upande wa bwana, na Bibi avirudishe vile vigelegele. Tena naomba kikao cha ukoo kipitishe kwamba msichana akinyamaza, ahesabiwe kuwa bado anafikiri.

Msalimie Mama Mkubwa, na watoto, na wajukuu, na yule ng'ombe aliyenikimbiza Desemba, mwambie nimemsamehe.

Ni mimi mwanao mtiifu, mke wa uwanja,
Mwanaisha Mustapha, Kidato cha Tatu.

N.B. Nilikuwa nimeshaweka sahihi, dirisha likagongwa. Shadya huyo: "We Mwanaisha, Fausta anaumwa tumbo, tuko pungufu. Au huna miguu?" Nikatoka. Sijui nani alinitoa. Nikasimama uwanjani kama dakika kumi bila kugusa mpira, maana walishanisahau. Mara nikasikia mtu anapiga kelele, "Nipe!" Wote wakageuka, na mimi nikageuka. Nilikuwa mimi. Wakanipa. Nikakosa goli. Shadya akasema, "Kumbe sauti unayo, shabaha ndiyo huna." Nilichomjibu siwezi kukuandikia wewe mtu mzima, ila Evodia, mchezaji mwenzetu, alicheka mpaka akakaa chini, na baba alisahau kupuliza filimbi.

Kwa hiyo, Baba Mkubwa, Jumamosi njoo, lakini mafundi waache hukohuko. Saa kumi tunacheza na wasichana wa Kabuku na nimeshapangwa.

Nasikia kandambili za baba zinakuja mlangoni. Tangu nianze barua hii, kila akipita naifunika kwa daftari la Baiolojia. Sasa siifuniki. Akishindwa kuusoma mwandiko wangu, nitamsomea.