Ndege Ina Viti Viwili, Mjomba

Élisabethville, mwezi wa nane, 1957

Kwako Mjomba Liévin, karani wa Klabu ya Ndege,

Naomba upokee heshima zangu kabla ya malalamiko yangu, maana baada yake huenda usizitake.

Kwanza nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: nataka kuwa rubani. Kwetu sisi viziwi siri ni kazi ngumu. Ukianza kuisema kwa mikono, hata muuza mkaa aliye ng'ambo ya barabara anaacha biashara yake akutazame. Kwa hiyo nimeituliza mikono. Nyumbani wote wanadhani nakwenda kwenye kozi ya likizo ya kurusha ndege, ile ambayo klabu yenu imewafungulia wanafunzi viziwi wa shule ya masista, kwa ajili ya mkate na jamu anavyogawa Madame Simone pale klabuni. Jamu ni nzuri, sikatai. Lakini kozi imebakiwa na wiki mbili, na mimi bado sijainuka hata kimo cha kuku aliyeshtuka.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kanuni ya nne, uliyoipiga chapa wewe mwenyewe, inasema kila mwanafunzi kiziwi aruke pamoja na msindikizaji wa kumsikilizia. Ni kanuni yenye huruma. Ila ndege ina viti viwili, Mjomba. Kimoja ni cha mwalimu, Bwana Adalbert. Cha pili hukaliwa na msindikizaji. Mimi, mwanafunzi, nabaki chini nikimshikia mkoba.

2. Msindikizaji wangu ni Bijou, binti yako, uliyemchagua wewe. Nampenda Bijou kama dada yangu wa tumbo moja. Ameruka mara tatu kwa niaba yangu. Mara ya kwanza alifumba macho. Mara ya pili alitapikia viatu vya Bwana Adalbert, na klabu ikanionya mimi, kwa sababu mwanafunzi ni mimi. Mara ya tatu nilimwomba anieleze alichokiona. Akafikiri sana, kisha akanijibu kwa mikono: vichuguu, tena ni vidogo. Mjomba, mtu amepita juu ya bomba la moshi la mgodi, ameiona barabara ya Kasomeno ikienda hadi macho yanapochoka, na ananiletea vichuguu!

3. Mngurumo wa injini ni mkubwa kiasi kwamba mwenye masikio hafaidiki nayo. Jumamosi iliyopita Bijou aliposhuka hakusikia kitu mpaka jioni. Mkeo, Mama Germaine, alimwita akateke maji, naye akawa anatabasamu tu. Nilimsoma Mama mdomoni: "Weye Bijou! Nakuita, unachekaka tu! Masikio umeyaacha juu kule?" Kisha akanigeukia mimi: "Na weye Agnès, ni weye njo unamufundisha ukiziwi?" Nilichukua ndoo nikaenda kuteka mimi, kwa heshima.

4. Bwana Adalbert ameishi miaka mingi ndani ya mngurumo huo. Madame Simone akimtaka, humtuma mtu akamvute shati. Kwa nini yeye hana msindikizaji?

5. Hapa naomba uvae miwani. Ikiwa Bijou hushuka akiwa kiziwi, basi kwa kanuni yenu hawezi kuruka tena bila msindikizaji. Msindikizaji wake naye atashuka kiziwi, na atahitaji wake. Kufikia mwisho wa likizo mji mzima, pamoja na mkuu wa wilaya, utakuwa umepanda ndege kwa ajili yangu, nami nitakuwa bado nimesimama chini na mikoba yao.

Naomba basi kanuni ya nne ifutwe. Ikishindikana, wenye masikio wote wakatazwe kuruka mpaka wathibitishe kwamba hawayategemei.

Nisalimie Mama Germaine, wadogo zangu wote, jirani yenu Numbi na baiskeli yake mpya, na mbwa wenu, ambaye hunibwekea kwa bidii bila kukata tamaa.

Mimi mpwa wako mtiifu,
Agnès Mwape

Nyongeza. Barua hii niliiandika Ijumaa. Leo ni Jumapili, na nakusihi usiiguse kanuni ya nne hata nukta. Jana Bijou alikataa kupanda. Alisema tumbo lake limestaafu. Basi tukabadilishana vibao ambavyo klabu hutuvika shingoni: yeye akavaa cha kiziwi, mimi nikavaa cha msindikizaji. Bwana Adalbert husoma vibao, hasomi nyuso. Alinieleza mambo marefu kabla ya kuwasha injini, nami nikaitikia kwa kichwa kila alipofunga mdomo. Tulipofika juu hakusema tena. Kule hata yeye huonyesha kwa mikono, ile ile mikono ambayo masista wanatukataza kuitumia darasani. Nilielewa kila kitu. Aliniachia usukani juu ya njia ya reli, nikaifuata mpaka aliponigusa bega kwamba turudi.

Tuliposhuka alimwambia Madame Simone kwamba hajawahi kupata msindikizaji anayesikiliza vizuri namna hii, tena asiyemkatiza mtu. Hayo niliyapata kwa Bijou, aliyekuwa kiziwi karibu nao. Kisha tulikwenda wote wawili kwenye meza ya majina, tukajiandikisha kwa Jumamosi ijayo: yeye kiziwi, mimi masikio yake.