Kuka Alisimama Akingoja Faili

Jameni, leo nimeaibika. Si ile aibu ndogo ya kujikwaa barabarani halafu ukajifanya ulikuwa unataka kukimbia. Hii ni aibu iliyopewa kiti na soda, ikakaa nami mpaka jioni.

Ninyi wa kikundi chetu cha waandishi wa programu mnajua jinsi mimi na Nafula tumebishana humu wiki tatu nzima. Kwa wageni: sisi ni watu wa Kitale na Bungoma, na tunatengeneza lugha ndogo ya programu ya kufundishia shuleni. Ubishi ulikuwa mmoja tu. Je, lugha yetu iweze kusoma na kuandika faili bila programu kusimama ikingoja? Nafula alisema ndiyo. Mimi nikasema hapana, tena kwa herufi kubwa. "Mtandao uko mbali, huo sawa, usiungoje," niliandika. "Lakini faili iko hapo hapo kwenye mashine. Programu ikisimama kidogo kuisoma, nani atakufa?" (Mlinipigia makofi. Nawajua mmoja mmoja.)

Hakuna aliyekufa. Lakini Kuka, babu yake Nafula, nusura.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya mimi na watu wangu kutoka Kitale kwenda kujitambulisha kwa kina Nafula, Matulo. Ndiyo, Nafula huyo huyo. Unaweza kubishana na mtu wiki tatu na bado ukataka kuzeeka naye. Kilichotupeleka ni kitu kimoja: babake, Mzee Wekesa, akubali nimwoe au akatae. Na Mzee alikuwa na shaka. Yeye ni mkulima wa miwa na mahindi, na kwake kazi ni kitu unachoweza kumwonyesha mtu kwa kidole. Juzi alimwuliza bintiye, "Huyo kijana wa Kitale, ati kazi yake ni kukaa kwa kiti akiangalia kioo. Sasa akimaliza kuangalia, kunakuwa nini?"

Basi nikaamua nitamwonyesha kunakuwa nini.

Nikaandika programu kwa lugha yetu wenyewe, kwa mtindo wangu wa kungoja. Inaonyesha picha za wazee wa mji ule, yaani wa boma la kina Nafula, kwenye TV. Picha inatokea na jina lake, mzee anasimama, watu wanapiga makofi, mimi nabonyeza kitufe, inakuja ya mwingine. Pande zote mbili zilikubaliana mapema: mzee hakai mpaka picha yake iondoke, na sahani haitoki jikoni mpaka wazee wote wa nyumba watambuliwe. Ni adabu. (Wazo lilikuwa langu. Nilijipongeza sana.)

Asubuhi tukiunganisha waya pale barazani, Nafula akaniuliza polepole, "Barasa, umeifanya isome bila kungoja?"

"Ya nini? Picha ziko kwa flashi. Flashi iko kwa laptop. Laptop iko kwa magoti yangu."

"Na ile picha ya harusi ya Kukhu, ile uliskani Kitale? Ni kubwa aje?"

"Kubwa!" nikasema kwa fahari. "Niliwaambia wapige ubora wa mwisho kabisa. Nyanya yako ataonekana mpaka uzi wa gauni."

"Na hiyo flashi ni ya mwaka gani?"

Nikajifanya sijasikia. Akanitazama vile muuguzi humtazama mtu anayejitibu kidonda kwa mafuta ya taa, kisha akaenda kubadilisha nguo.

Mambo yalianza vizuri mno. Mjomba wangu Simiyu, ambaye ndiye msemaji wetu, akashika kipaza sauti. Nikabonyeza. Ikatokea picha ya Kuka Mukhwana, babu yake Nafula, mkubwa kuliko wote katika mji ule. Koti jeusi, kofia, tabasamu. Vigelegele! Kuka akainuka kwa mkongojo wake, akasimama wima. Mzee Wekesa akaitikia kwa kichwa, mara mbili, nikaona. Moyoni nikasema, Barasa, umeshaoa.

Nikabonyeza ije picha ya harusi ya Kukhu.

Wapi!

Programu ilikuwa imeenda kusoma lile faili kubwa, na kwa kuwa niliiandika mimi, ilikuwa imeacha kila kitu kingine. Haisikii kitufe. Haibadilishi picha. Kuka yuko kwenye TV, na Kuka yuko amesimama.

Makofi yakaisha. Watu kwa heshima wakapiga mengine.

"Nikae?" Kuka akauliza.

"Bado, Kuka," mjomba akasema kwa kipaza sauti, mpaka majirani wakasikia. "Picha yako bado iko."

Kuka akaigeukia TV. "Sasa hii itaniangalia mpaka saa ngapi?"

Nikabonyeza tena. Kimya. Nikabonyeza tena, na tena, na tena, kama kuku anayedonoa mahindi. Mmoja wa wapwa akamletea Kuka kiti karibu zaidi, Kuka akakisukuma kwa mkongojo. "Nimesema nasimama mpaka hii kitu iende. Mimi si mtu wa kurudisha neno nyuma, bana." Ikabidi wawili wamshike, huku na huku.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Akatoka Senge Nasimiyu, shangazi yake Nafula kutoka Bokoli, aliyekuwa jemadari wa mapishi leo. Mwiko mkononi.

"Si ugali inapoa! Tunangoja nini?"

"Tunangoja picha," nikasema.

"Inatoka wapi?"

"Kwa hii flashi, Senge."

"Hii hapa? Hii ndogo?" Akainama akaiangalia. "Iko hapa, na bado tunaingoja?"

Nikabonyeza tena. (Wiki tatu nina majibu, leo hata moja!)

"Kijana, sikiza. Mimi nikiweka maji ya ugali kwa moto, sikai hapo nikiangalia sufuria. Nakata sukuma, naosha sahani, nagombana na jirani kidogo. Maji ikichemka, itaniita yenyewe. Sasa si hiyo mashine yako iendelee kusoma huko, na sisi huku Kuka akae na watu wakule?"

Kinamama wote wakaitikia, "Eeeh!"

Nikamtazama Nafula. Alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, na mabega yanaruka. Hoja zangu zote mlizozisifu humu zilikuwa zimezimwa na mtu ambaye hajawahi kugusa kompyuta.

Na ningeshukuru yangeishia hapo.

Faili likamaliza kusomwa. Sasa ninyi mnajua, ila wageni hawajui: kila nilipobonyeza kitufe, mbonyezo haukupotea. Ulienda kupanga foleni. Programu iliporudi kutoka safarini ikaikuta mibonyezo yangu yote inaingoja, ikaitimiza yote kwa mpigo mmoja. Picha ya Kukhu, ile tuliyoingojea, ikapita kama umeme. Akaja Mzee Wekesa. Akainuka. Kabla hajanyoosha magoti amekuwa nduguye. Nduguye akainuka, amekuwa binamu. Wazee wakawa wanainuka na kukaa, wanainuka na kukaa, wengine wakainukia picha zisizo zao. Wapiga vigelegele wakapotea njia kabisa.

Halafu ikatulia. Kwenye picha ya mwisho ya folda.

Ilikuwa ni mimi.

Mimi, nimejipiga picha mwenyewe, ndani ya jikoni la Mama Nafula, mdomo wazi, na mbele ya mdomo, kwenye uma, firigisi ya kuku. Imondo. Nilikuwa nimejaribia programu kwa picha chache za simu yangu, nikazipa majina ya kuanzia z zikae mwisho, kisha nikafuta zote. (Nilidhani zote!)

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa zaidi, lakini nitaeleza. Imondo ni ya mwenye mji. Haigawanywi, haionjwi, haiulizwi. Na miezi michache iliyopita nilipita pale kusalimu, nikaachwa jikoni peke yangu na bakuli, na shetani akawa hayuko mbali. Chakula kilipoletwa, Mzee akaitafuta imondo yake kwenye mchuzi mpaka mchuzi ukapoa. Mama Nafula alisema ni paka. Nikanyamaza. Paka akahukumiwa siku hiyo hiyo, akapelekwa kuishi Bokoli.

Bokoli kwa nani? Kwa Senge Nasimiyu.

"Woi!" Senge akapiga kelele, mwiko juu. "Na huyo paka mimi namwita mwizi kila siku asubuhi! Kumbe ni mtakatifu!"

Nikachomoa flashi. Picha ikabaki pale pale. Ilikuwa imekwisha kusomwa. Mjomba Simiyu akaruka mbele ya TV akatandaza koti lake, uso wangu ukabaki unachungulia chini ya kwapa lake, bado umefungua mdomo. Kwa desturi yetu mimi na mama mkwe hatutazamani usoni. Basi mimi nikatazama majani, na yeye akanitazama kwenye TV apendavyo.

Mzee Wekesa akainuka. Hakuna picha iliyomwinua safari hii. Nikajua nimempoteza Nafula kwa sababu ya kipande cha nyama kisichojaza kiganja.

"Kijana."

"Naam, Baba."

"Ile imondo ilikuwa yangu."

"Ndiyo, Baba."

"Ilikuwa tamu?"

Nikafikiria kudanganya. Kisha nikaona uso wangu kule chini ya kwapa, jinsi ulivyokuwa na furaha. "Ilikuwa tamu sana, Baba."

Mzee akaangua kicheko. Akacheka mpaka akashika nguzo ya baraza. "Mimi nilikuwa naogopa," akasema akifuta machozi, "kupeana msichana kwa mtu wa mashine, juu sijui huko ndani wanafichanga nini. Sasa huyu, hata mashine yake mwenyewe imemshtaki mbele ya watu! Huyu atanificha nini? Nimekubali. Lakini leo leo aende Bokoli, amlete paka kwa mikono yake, na amwombe msamaha nikisikia."

Vigelegele vikapasua anga! Mjomba akanikumbatia, koti likaanguka, uso wangu ukarudi kwenye TV mzima mzima, na safari hii watu wakaupigia makofi. Nilifurahi mpaka nikalia. Sioni haya kusema.

"Sasa mimi nikae?" akauliza Kuka.

Naandika haya nikiwa Bokoli. Paka yuko kwenye kikapu na amenikwaruza mkono wote wa kulia, haki yake. Nafula yuko kando yangu, anasoma kila neno ninaloandika kabla sijalituma, na amesema harusi itakuwepo nikishabadilisha kura yangu humu mbele yenu. Basi hii hapa: NDIYO, lugha yetu isome faili bila kusimama. Herufi kubwa ni zile zile.

Naomba msicheke. Na kama ni lazima mcheke, basi chekeni huku mkiendelea na kazi zenu.