Pikipiki ya Umeme Juu ya Magunia ya Mkaa

Leo sina pa kuuweka uso wangu. Kama asubuhi hii ulikuwa karibu na kivukoni, ukaona mtu ameketi juu ya magunia ya mkaa, amekumbatia pikipiki kama mtoto mgonjwa, yule ni mimi. Usinitumie picha. Ninazo tayari.

Nianze mwanzo. Wengi mnanijua. Shule niliiacha njiani, na tangu hapo nimeshapakia samaki, nimeshachora vibao vya saluni, nimeshakaa Ukerewe msimu mzima nikijifunza kutengeneza injini za boti (boti hizo ziliuzwa). Siku hizi ni deiwaka hapa Mkuyuni. Mwenye bodaboda akiumwa au akisafiri, mimi naiendesha kwa niaba yake.

Rafiki yangu Masanja amepewa pikipiki ya umeme, ya majaribio. Haina moshi, haina kelele, inapita kama paka. Wamempa na kizibao cha kijani, mgongoni kimeandikwa kwa herufi kubwa: HEWA SAFI INAANZA NA MIMI. Jana akapata msiba Magu. Akaniachia ufunguo, kizibao na maagizo.

"Kesho asubuhi mchukue Mama Kulwa kwake Igogo, mpeleke kivukoni. Mdogo wake anafanyiwa upasuaji Sengerema. Asipopanda kivuko cha asubuhi hamkuti kabla hajaingizwa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Na usiizungushe. Chaji hiyo ni ya Mama Kulwa."

"Kaka, nimekuelewa!"

(Nilimwelewa kabisa. Kuelewa hakujawahi kunishinda.)

Tatizo ni kwamba aliniambia na jambo jingine. Alisema pikipiki ile ikiteremka mlima inajichaji. Ile mota inayoisukuma inageuka, inaanza kuzalisha umeme na kuurudisha kwenye betri. Jamani! Mimi nikisikia kitu kama hicho silali. Nililala chali nikiuwaza mji wetu, milima na mawe kila upande, nikaona Mwanza nzima ni mashine ya kuchajia ambayo hakuna aliyeiwasha.

Kwa hiyo asubuhi, kabla ya Mama Kulwa, nikapita kijiweni. Kidogo tu. Nikampakia huyu, nikampandisha mlimani, nikamshusha. Nikampakia yule. Kila aliyesema "chaji itaisha" nilimjibu, "Inajijaza kwenye mteremko, ndugu yangu. Sayansi hiyo."

Katikati ya mhadhara akatokea Chacha na guta lake la matairi matatu, limejaa magunia ya mkaa, linatoa moshi mweusi mpaka muuza maandazi akafunika beseni lake.

"Chacha!" nikaita. "Hicho ni chombo cha usafiri au jiko la kuni? Ziwa linapanda, mvua hazijui tena msimu wake, na wewe unaendelea kutupikia hewa!"

Kijiwe kikacheka. Chacha akanitazama, akaangalia kizibao, akasema, "Haya, hewa safi." Akaondoka.

(Ikumbukeni hiyo.)

Mama Kulwa nilimkuta amesimama nje, juu kabisa kwenye mawe ya Igogo. Ni mama mtu mzima, anauza sato waliokaangwa kando ya barabara. Amevaa kanga mpya, mkononi kikapu chenye chupa ya uji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbona sikusikia pikipiki?"

"Ndiyo uzuri wake, mama. Panda twende."

Tukaanza kushuka. Sasa lazima niwaeleze tabia yetu. Sisi bodaboda wa mji huu, mteremko ukianza, tunazima injini. Unaachia pikipiki ijishukie yenyewe, unabana mafuta. Hufikirii. Mkono unaufuata ufunguo wenyewe, kama unavyofuta jasho.

Nikawa nashuka huku nahubiri. Nikamweleza joto la dunia. Nikamweleza jinsi magari ya mji uliosongamana yanavyotuchafulia hewa.

"Moshi unanifundisha wewe?" akasema. "Nakaa barabarani kutwa nzima. Jioni nikipenga kamasi ni nyeusi."

"Basi utaipenda hii, mama. Hapa tunaposhuka inajichaji yenyewe!"

"Mbona umezima ufunguo?"

"Mteremko huu, mama. Tunabana mafuta."

"Mafuta yapi?"

Nikacheka. Nikaona mama huyu ana utani mzuri sana.

Njiani akanisimulia habari za mdogo wake. Ni mtu mzima mwenye wajukuu, lakini sindano inamtia hofu tangu utotoni. Akiwa mdogo alikuwa hachomwi mpaka ashikwe mikono yote miwili: mmoja na mama yao, mwingine na Mama Kulwa. "Mama yetu hayupo tena," akasema. "Sasa nimebaki mimi tu."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Nilisema, "Mama, uko na mimi." (Najisikia vibaya hata kuiandika.)

Barabara kubwa ilikuwa imefungana. Malori, mabasi, bajaji, kila kitu kimesimama kinaunguruma. Nikawasha ufunguo, nikaona alama ya betri imekuwa nyekundu. Nikaipuuza. Nikakata kushoto, njia ya juu kwenye mawe, niikwepe foleni. Nikajiambia: tukishapanda tutashuka, tukishuka itajaa.

Hatukumaliza kupanda.

Pikipiki ya mafuta ikitaka kufa inakohoa kwanza. Inakupa muda wa kutafuta maneno. Hii haikusema kitu. Ilinyamaza tu, na kwa kuwa ilikuwa imenyamaza tangu mwanzo, mimi nilijua imekufa tulipoanza kurudi nyuma.

"Baba, tunarudi Igogo?" akauliza Mama Kulwa.

Nikakanyaga breki. Tukashuka. Na hapa ndipo ninapotaka mnielewe, kwa sababu hapa bado mambo yalikuwa yanarekebishika. Akapita bodaboda mmoja, pikipiki yake ya kawaida, kiti cha nyuma kitupu.

"Mama, nikupeleke?"

Mama Kulwa akanitazama. Hakumtazama yule, alinitazama mimi.

Nikasema, "Tupo sawa, kaka. Inapoa tu."

Akaenda zake. Mama Kulwa akakaa juu ya jiwe, kikapu mapajani, akasubiri pikipiki ipoe. Aliniamini! Nikazima, nikawasha. Nikaipuliza. Nikaitikisa kama chupa ya dawa. Kule chini ziwa linang'aa, kivuko kinaonekana kimetulia kinameza magari. Njia ile ikawa tupu, hapiti mtu wala mbuzi.

Halafu tukasikia mngurumo. Kabla ya chombo chenyewe, ukatangulia moshi.

Chacha akasimamisha guta. Akanitazama. Akaitazama pikipiki. Akamwamkia mama kwa heshima zote, shikamoo mama, marahaba mwanangu, kisha akanigeukia taratibu.

"Hewa safi, habari za asubuhi?"

"Chacha, tafadhali. Mama anawahi kivuko."

Lazima niseme ukweli, hakubishana. Alimketisha mama mbele, pembeni yake. Tukainyanyua pikipiki, tukailaza juu ya magunia. Kamba hakuwa nayo.

"Ishikilie wewe," akasema. "Na kaa vizuri, jiko la kuni linaondoka."

Mnajua guta linavyotembea likiwa na mzigo. Tulishuka, tukaingia kwenye foleni ileile niliyoikimbia. Moshi wote ulikuwa unanijia mimi. Vumbi la mkaa likanipaka usoni, shingoni, mpaka kwenye meno. Abiria wa mabasi wakafungua madirisha na kutoa simu. Kundi la kijiweni lilipata picha kabla sijafika mjini.

Kivukoni tulikuta lango limefungwa.

Kilikuwa kimetoka muda huohuo. Maji kati yetu na chombo hayakuwa mengi, ungerusha kandambili ingefika. Nikaruka kutoka juu ya magunia nikipunga mikono, nikipiga kelele, "Subirini! Subirini mama huyu!" Mlinzi wa lango akanizunguka polepole, akasoma mgongo wangu kwa sauti, kama mtu anayesoma risala:

"Hewa safi... inaanza... na mimi."

Watu wakaangua kicheko. Wauza karanga, wachukuzi, mpaka Chacha akaegemea usukani wake. Mtu mweusi tii, amevaa maneno hayo, ameshuka kutoka juu ya mkaa! Hata mimi ningecheka. Ila Mama Kulwa hakucheka. Alikuwa anakitazama kivuko, kikapu bado mkononi.

Nikampa simu yangu apige, spika ikiwa wazi. Mdogo wake akapokea, sauti nyembamba.

"Dada, umefika wapi? Wananivalisha nguo za kijani."

"Niko Mwanza. Kivuko kimeniacha."

Upande wa pili kikaanza kilio cha chini. Bora nyinyi hamkukisikia. Kisha Mama Kulwa akavuta pumzi, akaanza kusimulia. Pikipiki isiyolia. Mafuta yasiyokuwepo. Mimi kuipuliza. Alinianika vibaya jamani, hakuacha kitu! Alipofika kwenye magunia, kule Sengerema ikasikika sauti, "Juu ya mkaa? Amekaa juu ya mkaa?" na kicheko kirefu, kinakatika na kuanza upya, mpaka muuguzi akamwambia, "Mama, lete simu, tunaingia. Unacheka nini wewe?"

Simu ikakatika.

"Amecheka," nikasema.

"Amecheka," akajibu Mama Kulwa. Akafuta vumbi la mkaa kwenye simu yangu, akanirudishia. "Ila mimi nilitaka kumshika mkono."

Alipanda kivuko kilichofuata. Mimi nikaisukuma pikipiki mpaka Mkuyuni. Njiani Masanja akapiga.

"Ulikuwa unazima kwenye mteremko?"

"Nilikuwa nabana mafuta."

"Sasa kaka, ukizima, itajichaji na nini?"

Jioni hii Mama Kulwa amenipigia. Mdogo wake ametoka salama, amelala, uji ameugusa kidogo. Nikaomba kwenda kumchukua siku atakayorudi. Amekubali, ila amesema nije na Chacha.

Basi naomba msinicheke. Leo mwenye haki ya kunicheka alikuwa mmoja tu, na ameshacheka, bila mtu wa kumshika mkono.