Mgongo wa Mjomba

Jumatatu, 4 Machi

Nimepewa nafasi ya mwisho. Mhadhiri wa somo la video ameniita ofisini, akafunga mlango, akanikumbusha kwa upole usio wa kawaida yake kwamba huu ni mwaka wangu wa pili katika somo la mwaka mmoja. Kazi ni ile ile. Chagua jalada la albamu, lichambue picha yake, kisha tengeneza video ya wimbo mmoja wa albamu hiyo, na video itokane na uchambuzi. Mwaka jana nilichambua jalada lenye mwavuli mwekundu. Kurasa kumi na mbili. Video sikuipiga, muda wote uliishia kwenye mwavuli.

Mwaka huu nina silaha. Mjomba wangu, kaka yake mama, aliimba katika bendi ya watu watano iliyotoa albamu moja tu. Santuri yenyewe iko sebuleni kwetu, imesimamishwa juu ya kabati la vyombo, na mama huipangusa vumbi kila wiki. Kwenye jalada wanaume watano wamesimama mbele ya ukuta mweupe. Wanne wanatazama kamera. Wa tano, kulia kabisa, ameipa kamera mgongo. Huyo ndiye mjomba, na ndiye mwimbaji.

Nimeitazama picha hiyo tangu sijajua kusoma. Leo ndiyo nimeielewa. Mgongo ule ni kukataa. Msanii anaukataa umaarufu siku ile ile unapobisha hodi kwake! Kufikia jioni nilikuwa na kurasa nane.

Wanafunzi tumepangwa wawili wawili. Mimi nimepewa Betri. Wanamwita hivyo kwa sababu haji kazini bila betri za kamera zilizojaa chaji, tabia ninayoiona ya kujionyesha. Alisoma kurasa zangu amesimama kwenye foleni ya kantini, kisha akauliza kama nimemwuliza mjomba mwenyewe. Nikamweleza kwamba msanii hajui maana ya kazi yake, ndiyo maana sisi wachambuzi tupo. Akasema basi yeye atashika kamera.

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda kwa mjomba. Anaishi nyuma ya kiwanda cha magodoro. Miaka thelathini alikuwa karani wa ghala la vipuri, sasa amestaafu na anatengeneza viti vya watu vilivyolegea miguu. Nikamwamkia, akaitikia bila kuinua macho kwenye kiti. Nilipotaja video akaweka nyundo chini. Aliuliza swali moja tu, kama uso utaonekana. Nikamjibu utaonekana kwa namna yake. Akasema kesho asubuhi atakwenda kwa fundi cherehani.

Mke wa mjomba alinisindikiza hadi nje. Ni mama asiyesema ovyo, lakini leo alisema. Siku ya kupiga ile picha ya jalada, bendi ilivaa makoti ya kuazima, na la mjomba lilikuwa dogo, halifungi kifuani. Mpiga picha akamwambia ageuke, kwa nyuma linakaa vizuri. Ya mbele watapiga baadaye, itawekwa upande wa pili wa jalada. Hiyo baadaye haikufika. Wimbo ulipovuma, watu barabarani walimshika mkono mpiga ngoma, mwenye tabasamu pana katikati ya picha, wakidhani ndiye mwenye ile sauti. Mpiga ngoma hakuwahi kumsahihisha mtu. Alipofariki mwaka juzi, msibani walipiga wimbo ule na watu wakailia sauti. Mjomba alikuwa ameketi safu ya tatu, akisikiliza sauti yake ikizikwa pamoja na mtu mwingine.

Kisha mke wa mjomba akanishika mkono. Akaniambia, mwanangu, mjomba wako hajawahi kuomba kitu, safari hii fanya watu wamwone uso.

Nimesikitika sana. Kisa hiki kinabomoa kurasa nane. Nimekifikiria njia nzima na nimeamua kutokiingiza. Koti lilikuwa ajali. Ishara ndiyo ukweli.

Alhamisi, 7 Machi

Matayarisho. Ukuta mweupe hakuna. Kuta zote za chuo ni krimu juu, kahawia chini, rangi ya mahali pa kungojea majibu. Nimeazima shuka la mama, lile la wageni, bila kumsumbua kwa kumwambia.

Betri ana pendekezo. Anataka tuanze na mgongo kama kwenye jalada, kisha kiitikio kinapoingia mjomba ageuke. Anasema watu watashika vinywa. Nilimsikiliza hadi mwisho, maana mimi ni mtu wa kusikiliza, kisha nikamfahamisha kwamba akigeuka atakuwa amekubali, na kazi yetu nzima inahusu kukataa. Akasema mjomba hakukataa chochote, koti lilimbana. Sijui nani kamweleza. Nashuku mama. Mama na Betri wameanza kupigiana simu, jambo ambalo si la kitaaluma.

Ili kuzuia uasi nimebadilisha mpango. Video itakuwa mgongo mtupu, mwanzo hadi mwisho. Dakika nne na sekunde kumi.

Jumamosi, 9 Machi

Tumepiga.

Tulikubaliana saa nne. Mjomba alifika saa tatu kasoro, amenyoa, amevaa koti jipya la bluu lenye vifungo sita vya shaba. Vyote sita alikuwa amevifunga, na joto lile. Mke wake alikuja na kitana, na kitambaa cheupe cha kumfuta jasho usoni. Nikamsimamisha mbele ya shuka. Akaitazama kamera, akanyoosha kola, akavuta pumzi. Nikamwomba ageuke.

Alidhani namtania. Alipoona sicheki, aliuliza kama ya mbele itapigwa. Nikamwambia baadaye. Akaniangalia muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha akageuka polepole, kwa hatua ndogo ndogo. Mke wake alikikunja kile kitambaa mara nne, akakirudisha kwenye mkoba, akaenda kukaa nje.

Hapo ndipo nilipogundua hujuma. Fundi cherehani, aliposikia koti ni la video, aliweka kitambaa kizuri mbele peke yake, kwa kuwa ndiko watu watakakotazama. Nyuma aliunga vipande viwili, kimoja cha bluu, kingine cha rangi inayokaribia bluu, na mshono katikati umepinda kuanzia mabegani. Betri alicheka mpaka kamera ikatikisika. Mimi sikucheka. Niliandika papo hapo kwamba mshono ni historia iliyopasuka. Ukurasa wa tisa.

Kisha mjomba aliimba. Nitaandika na hili, kwa kuwa shajara hii haifichi kitu. Ni sauti ile ile ya santuri, imekwaruzika kidogo tu. Mlinzi alikuwa amekuja kutufukuza kwa sababu chumba cha chuo tulikiomba hadi saa tano. Alisimama mlangoni akavua kofia, akabaki hapo mpaka wimbo ukaisha. Nilitamani kuzunguka mbele nimwone mjomba anavyoimba. Shingo ilinivuta kabisa. Nilijizuia, mwongozaji hafuati hisia.

Jumapili, 10 Machi

Mama amelikuta shuka. Lina alama za viatu vya mjomba, na doa la chai ambalo ni la Betri, nitalisema hilo hata mahakamani. Kumbe shuka halikuwa hoja. Alitaka kujua kama kaka yake anaonekana. Nikamwambia anaonekana vizuri sana, mabega yote mawili. Mama aliniambia kaka yake ana miaka sitini na nane, na kwamba mimi huwa nasoma vitabu vingi ila watu siwasomi. Halafu akaenda kwenye kabati la vyombo, akaigeuza santuri, jalada likatazama ukuta.

Ajabu! Hata mama ambaye hajasomea haya anatumia lugha ya mgongo. Ukurasa wa kumi.

Jumatano, 13 Machi

Maonyesho ya kazi zetu, ukumbi mdogo. Mjomba na mkewe walikaa safu ya mbele. Koti lile lile, vifungo sita.

Video ilionyeshwa ya tatu. Dakika nne na sekunde kumi za mgongo. Halafu makofi. Watu walisimama, wanafunzi wakaulizana huyu mwimbaji ni nani, yuko hai? Mmoja alikuja mbio kutoka nyuma, akamwomba mjomba kwa heshima, shikamoo mzee, naomba nipite, nataka kwenda kumpongeza aliyeimba. Mjomba akaitikia marahaba, akavuta miguu yake, akampisha.

Niliona kwa macho yangu. Nadharia imethibitishwa hadharani, chini ya taa! Nilitaka kumwonyesha mjomba jinsi alivyo mkamilifu, lakini alikuwa ameshainuka na kuelekea mlangoni, mkewe amemshika kiwiko. Betri aliwafuata hadi getini. Aliporudi hakunitazama.

Mhadhiri alisema koti tumeliona vya kutosha. Akauliza habari ya mshono, nikamjibu kwa dakika kumi na moja. Kisha akasema amemsikia mtu anaimba kwa dakika nne na bado hamjui, na kwamba kazi ya jalada ni kumtambulisha mtu. Betri amefaulu, kwa sauti na mwanga. Mimi nimepewa hadi Jumatatu. Nipeleke picha moja, jalada jipya la wimbo huo. Mhadhiri akiitazama na kujua wimbo ni wa nani, nimepita. Asipojua, nifunge virago.

Alhamisi, 14 Machi

Mjomba hapokei simu. Mama ameniamuru niende kuomba radhi. Nimekwenda na kurasa kumi ili radhi iwe na msingi.

Mke wa mjomba alifungua mlango, hakunikaribisha kiti. Katika nyumba yenye viti kumi na vinne vya wateja, nilisimama. Nilimsomea mjomba kurasa tatu za mwanzo. Nilipofika kwenye neno kukataa nikainua macho, nikaona anatazama mikono yake, na sauti yangu ikapungua yenyewe. Niliona aibu. Niliisikia kabisa, hapa chini ya koo. Baadaye nikakumbuka sikuwa nimekula tangu asubuhi.

Nikamweleza kuhusu picha moja na Jumatatu. Mjomba akasema atakuja Jumamosi. Aliuliza tu kamera inafanyaje kazi siku hizi, mtu aliyegeuka atajuaje kwamba ndiyo inapiga. Nikamweleza kwamba nitahesabu hadi tatu kwa sauti, na kwenye tatu nabonyeza. Akanitaka nirudie. Nikarudia. Akasema ameelewa. Nimefurahi kwamba hatimaye anaipenda sanaa.

Jumamosi, 16 Machi

Nimeharibikiwa.

Tulipiga sebuleni kwetu, shuka limefuliwa. Mama, mke wa mjomba na Betri walijipanga nyuma yangu upande wa kamera, wamekaza midomo kama watoto waliovunja kitu. Nilipaswa kushtuka. Nikamwomba mjomba ageuke, akageuka mara moja, kwa utii ulionigusa moyo. Mgongo ulitulia. Hata ule mshono ulikaa sawa. Nikahesabu moja. Nikahesabu mbili.

Kwenye tatu akageuka.

Picha ni uso mtupu. Uso mzima wa mzee anayecheka, pengo la jino la juu, makunyanzi yote, vifungo sita vinang'aa, na koti linapepea kidogo pembeni kwa ile kasi ya kugeuka. Mke wa mjomba alikaa chini sakafuni, akalia na kucheka kwa pamoja. Mama alirudia mara tatu kwamba huyo ndiye kaka yake, ndiye huyo. Mjomba aliomba aione. Akaishika kamera kwa mikono miwili, akajitazama mpaka kioo kikazimika, akaomba iwashwe tena.

Nilikuwa naitafuta sehemu ya kufutia, Betri akaninyang'anya kamera. Picha ilikuwa imefika kwa mhadhiri kabla sijavaa viatu. Jibu lilirudi mchana. Aliandika kwamba sasa amemjua, na kwamba nimefaulu.

Nimefaulu kwa kosa la mtu mwingine. Ni jambo zito na nitaishi nalo. Mama tayari ameichapisha picha, ameigeuza tena santuri juu ya kabati la vyombo itazame sebule, na picha ameiweka mbele yake kabisa, hata mgongo hauonekani tena.

Jioni nimempigia mjomba kumwomba turudie Jumatatu, safari hii atulie. Hakupokea. Nikapiga tena, akakata. Nimekaa nikalitafakari hilo kwa utulivu, na sasa naona nilikuwa sahihi tangu mwanzo. Kukata simu ni kuukataa umaarufu. Nina kurasa tatu tayari.