YAH: Kuletewa Majeneza Nilipokuwa Nikitafuta Kazi

Wilma Jean Strohmeyer,
Mtaa wa Kettering,
Toledo, Ohio.
9 Oktoba

Kwa Msimamizi wa Madai,
Kesi ya Pamoja ya Waliofichwa Matangazo ya Kazi kwa Sababu ya Umri.

Mheshimiwa Msimamizi,

Nimepokea kadi yenu ya posta inayonijulisha kwamba huenda mimi ni mmoja wa watu laki tatu waliofichwa matangazo ya kazi na kampuni ile ya mtandao, kwa kosa la kuzaliwa mapema. Neno "huenda" limenisikitisha. Fomu mliyoiambatanisha imetenga mistari mitatu kwa maelezo ya mlalamikaji. Mistari mitatu, Mheshimiwa, inamtosha mtu aliyepoteza mwavuli. Kwa hiyo naambatanisha barua hii, niliyoitunga kwa kufuata kanuni za kitabu cha uandishi rasmi nilichokinunua kwenye mnada wa vitu vikuukuu vya kanisa, ambacho nimekisoma mara nne bila msaada wa mwalimu.

Nina umri wa miaka sitini na mmoja. Kwa miaka ishirini na miwili nilipanga safari za malori katika kiwanda cha vioo, hadi kilipofungwa mwezi Machi na bima yangu ya matibabu ikafungwa pamoja nacho. Bima ya serikali kwa wazee itanipokea nitakapotimiza sitini na mitano. Hadi hapo moyo wangu unaombwa uwe na subira. Vidonge vyake navimeza siku moja na kuiruka ya pili. Natafuta kazi yenye bima. Sitafuti kingine, na malalamiko yafuatayo yote yamechipuka hapo.

1. Jumapili moja ya Julai nilikuwa nimeketi kwenye kochi na binti wa kaka yangu, Kayleigh, mwenye miaka ishirini na sita. Kochi lilikuwa moja, mtandao mmoja, hata bakuli la bisi lilikuwa moja. Ghafla akaniambia: "Shangazi, hebu ona! Lile ghala la vifurushi karibu na reli wanataka mtu wa kupanga malori. Bima kuanzia siku ya kwanza! Si ndiyo kazi yako hii?" Nikafungua simu yangu kwa haraka. Nikaletewa jeneza. Lilikuwa la mwaloni, lenye vishikio vya shaba, na chini yake maneno: "Wapunguzie mzigo uwapendao." Ieleweke kwamba Kayleigh hana haja na malori. Yeye husafisha meno ya watu na anaipenda kazi yake.

2. Chini ya tangazo la Kayleigh palikuwa na kitufe cha kuuliza kwa nini mtu analiona. Tukakibonyeza. Kampuni ikajibu bila haya, kama mwizi anayeacha anwani yake mlangoni: "Unaona tangazo hili kwa sababu una umri kati ya miaka 18 na 38 na unaishi karibu na Toledo." Mimi pia naishi karibu na Toledo. Niliishi karibu na Toledo kabla wakurugenzi wa kampuni hiyo hawajaota meno ya kusafishwa na Kayleigh. Nilipopeleka maombi kesho yake, nikajibiwa kwamba nafasi ilikwisha kujazwa wiki iliyotangulia.

3. Tangu siku hiyo nimeweka daftari la matangazo ninayoletewa. Nimeletewa nepi za watu wazima. Nimeletewa kiti cha umeme cha kupandia ngazi, ilhali nyumba yangu haina ngazi hata moja. Nimeletewa vifaa vya kusikilizia vya watu wasiosikia vizuri, katika tangazo lisilo na maandishi, ambamo bwana mmoja anaeleza kila kitu kwa mdomo. Nimeletewa pia kiwanja cha kaburi chenye mandhari ya ziwa. Sikuona mahali palipoelezwa marehemu atalitazamaje ziwa hilo.

4. Shahidi wangu ni jirani yangu, Bwana Duane Pruitt, mwenye miaka sitini na mitatu, aliyeendesha foklifti ya kunyanyulia mizigo katika kiwanda hichohicho, na ambaye goti lake linasubiri bima kama moyo wangu unavyosubiri. Alizima mashine yake ya kukatia nyasi akanijia hadi kwenye uzio, akasema: "Wilma, mimi wamenitangazia kaburi la watu wawili! Mke aliondoka zamani. Sasa huyo wa pili ni nani? Au wanataka wanizike na wewe?" Sikulijibu swali hilo, kwa kuwa halikuwa rasmi. Akaendelea: "Sikia, jirani. Ukisikia wanataka dereva pale ghalani, nipigie kelele hapa uani, hata kama niko bafuni nitatoka na taulo." Nilimwahidi kwamba nitapiga kelele, nikamwomba avae nguo.

5. Nimesoma utetezi wa kampuni. Inasema kwamba yenyewe haimbagui mtu. Ni mwenye tangazo anayeweka alama kwenye umri anaoutaka. Vema. Basi alama hiyo iliwekwa na mkono, na mkono huo una mwenyewe. Ni mtu wa namna gani aketiye asubuhi na kahawa yake, baada ya kulala usingizi mnono, akawafuta watu wa umri wa mama yake kwa mguso wa kidole kimoja, kisha akauliza chakula cha mchana kuna nini? Mkuki kwa nguruwe mtamu. Mtu huyo hajui kwamba kila mwaka, siku yake ya kuzaliwa, anasogea hatua moja kuelekea kwenye zizi.

6. Kuhusu fidia. Kadi yenu inasema kila mlalamikaji atapewa vocha ya kutangaza bure katika kampuni ileile. Ni sawa na mtu aliyeumwa na mbwa kukabidhiwa mbwa huyo akae naye wiki mbili. Nimeona pia kwamba mawakili wetu wenyewe hawakulipwa kwa vocha. Natumaini hilo lilikuwa sahau tu, na kwamba litarekebishwa.

Kwa sababu hizo, naomba mahakama iamuru yafuatayo:

(a) Matangazo yote yaonyeshwe kwa watu wote. Kijana wa miaka ishirini na miwili aletewe jeneza kila asubuhi kabla ya kifungua kinywa, kwa kuwa mauti hayaulizi cheti cha kuzaliwa.

(b) Wakurugenzi wa kampuni wasione chochote kwenye simu zao ila nepi, kwa muda wa miaka saba.

(c) Mtu aliyeweka alama ya 18 hadi 38 pale ghalani atafutwe, atajwe kwa jina, asimame mbele ya Bwana Pruitt, amsomee sababu zake kwa sauti kubwa. Sauti iwe kubwa kwa kuwa Bwana Pruitt hasikii vizuri kwa sikio la kushoto, na tangazo la vifaa vya kusikilizia ndilo pekee ambalo hajapata kuletewa.

(d) Endapo mahakama itaona kwamba umri ni kigezo halali, basi tarehe za kuzaliwa zifutwe kwenye vitambulisho vyote vya jimbo la Ohio, na wananchi wakadiriwe kwa kutazamwa meno, kama farasi. Kayleigh yuko tayari kusaidia.

Nakala ya barua hii nimempelekea meya, mchungaji, mtengenezaji wa jeneza la mwaloni, na meneja wa ghala, huyu wa mwisho kwa mkono wangu mwenyewe.

Mfikishieni jaji salamu zangu, na makarani wake wote, na yeyote yule aliyeliandika jina langu la Strohmeyer kwenye kadi bila kuacha herufi. Kayleigh anawasalimu na anawasihi wapitishe uzi kati ya meno kila siku. Bwana Pruitt anawapungia mkono kutoka ng'ambo ya uzio.

Nabaki mlalamikaji wenu mwaminifu, asiyetoshewa na mistari mitatu,

Wilma Jean Strohmeyer

Tanbihi: Barua hii ilikuwa ingali mezani ikisubiri stempu wakati ile nakala ya ghalani ilipozaa matunda. Meneja, Bi Ostrander, aliniita. Akasema: "Mama, kumbe unajua kuandika hivi! Aliyekuwa akituwekea matangazo ya kazi kaacha Ijumaa. Unaanza lini?" Nimeanza Jumatatu. Bima ni ya kuanzia siku ya kwanza, na vidonge sasa navimeza kila siku. Jana nimeweka tangazo langu la kwanza, la madereva wawili wa foklifti. Nilipofika penye umri nilitafakari kwa kina, kahawa ikapoa, kisha nikaweka alama kwenye 18 hadi 38. Huu si ubaguzi, Mheshimiwa. Nimelitazama jambo hili kutoka ndani, na nimegundua kwamba watu wa umri wetu wana tabia ya kuandika barua. Kwa hiyo naomba dai (c) lifutwe, hasa pale panapohusu kutajwa jina. Vocha itumwe kwa anwani ya ghala. Bwana Pruitt ameniuliza kwenye uzio kama nimesikia lolote, nami nimemjibu kwamba siku hizi kazi haitangazwi uani, huja yenyewe kwenye simu. Namwona kutoka dirishani ninapoandika haya. Ameketi barazani, goti lake amelilaza juu ya kiti cha pili, simu iko mkononi, na anaitazama.