Njia ya Kushikana Mikono

Jumatatu, tarehe 6

...tena si kuendesha baiskeli pamoja tu, ni vile anavyonisubiri pale kwenye kona na baiskeli yake, mguu mmoja chini, anatabasamu kama siku ya harusi. Mume wangu huyu! Mafundi wa halmashauri wanapaka mistari mtaani kwetu: magari katikati, kisha baiskeli, waenda kwa miguu kando ya ukuta. Njia ya baiskeli ina upana wa mtu mmoja. Tutaendesha tumeshikana mikono vipi? Na Ijumaa mama mkwe anakuja kwa mara ya kwanza kuona tunavyoishi. Lazima aridhike nami.

Jumanne, tarehe 7

Nimegundua mafundi wanapaka kwa kufuata tu koni zilizopangwa barabarani. Walipokwenda kula, nikazisogeza za njia ya baiskeli hatua moja kuelekea ukutani. Wakarudi, wakapaka, hakuna aliyeuliza. Waenda kwa miguu wamebaki na utepe, lakini mtaa huu hauna wanene. Jioni tumeendesha sambamba, mkono kwa mkono. Mume wangu akasema halmashauri hii inajua mapenzi. Nikainamisha macho.

Jumatano, tarehe 8

Kinyozi jirani ameegesha gari kwenye njia yetu. Limeenea humo kama limepimiwa. Nikamwambia hapo ni pa baiskeli. Akaniuliza, shemeji, baiskeli gani hiyo, ya kubebea tembo? Wateja wake nao wakaegesha magari yao nyuma ya lake. Sura ya kinyozi siipendi tangu zamani.

Ijumaa, tarehe 10

Magari yamekaa kwenye njia ya baiskeli, baiskeli zimehamia kwenye njia ya miguu. Mama mkwe akawa anakuja kwa ubavu, mgongo ukutani, trei ya mayai kifuani. Mume wangu akakata kona mbio na baiskeli yake, asichelewe kumpokea mama yake. Akampokea kweli. Hakuna yai lililopona. Mama akasema alimzaa kwa uchungu, hakujua atakuja kugongwa naye. Akafika mlangoni, akageuka kurudi kwake. Eti hatakanyaga kwetu mpaka pawe na pa kukanyaga.

Jumapili, tarehe 12

Mume wangu amenuna, na akinuna anapendeza zaidi. Anasema angependa kumjua mjinga aliyechora mistari ile. Nikamwongezea chai.

Baadaye nikampigia mama mkwe simu, nikamwomba radhi kwa niaba ya halmashauri. Kidogo akalainika. Akajisifu kuwa mtaani kwake waenda kwa miguu wametengewa njia pana ajabu; koni zimeshapangwa, bado rangi tu.

Moyo wangu ukaruka. Nimemwahidi tutamtembelea kabla mwezi haujaisha. Kabla ya rangi, ikiwezekana.