Udobi Mahututi

Jumatatu, 4 Machi
Mji huu hakuna biashara inayokufa bila mimi kujua mapema. Mabenki yangenijua, yangeniwekea kiti cha kuzunguka. Natupia jicho hesabu mara moja, nakwambia nani atafunga na nani atapumua. Leo mdogo wangu mwenye udobi kaja mwenyewe, kwa adabu. Ijumaa mwenye nyumba anataka asaini mkataba wa miaka miwili. Asaini au afunge? Nikamwambia aniachie hesabu. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara, yule Wembe, akacheka kwa pua.

Jumanne, 5 Machi
Kanuni ni moja: chukua mali iliyopo dukani, gawanya kwa mauzo. Kugawanya kulikataa, nikazidisha. Jibu ni jibu. Asubuhi rafu za mdogo wangu zilijaa mashati, suti, mashuka ya hoteli. Mali! Jioni nusu imeshaondoka, naye anawachekea wanaoibeba. Mahututi kabisa. Nikavuka kwa Wembe kumkagua bure. Hana mali yoyote, ila nywele sakafuni. Nikamwambia Ijumaa haioni. Akaniuliza kama kichwa changu nacho kilifilisika, maana juu hakuna kitu. Wateja wake hoi kwa kicheko. Haya, chekeni. Kifo hakipigi hodi.

Jumatano, 6 Machi
Mdogo wangu kaenda kutafuta sabuni ya jumla, kaniachia kaunta. Zamu yangu! Hakuna nguo kutoka. Kila aliyekuja nikamwambia mali iko kwenye ukaguzi. Bwana harusi akadai suti, eti anaoa kesho. Nikamweleza kuwa ndoa nayo ni biashara, alete hesabu tuone kama itafika mwaka. Mtu wa hoteli akarudi mikono mitupu. Jioni rafu zimefurika mpaka darini. Hesabu zimenona kama paka wa bucha!

Alhamisi, 7 Machi
Kelele tangu asubuhi. Bwana harusi kaja na kaptula, nyuma yake wajomba wenye vifua. Mwenye hoteli kahamishia mashuka kwa dobi mwingine, na nusu ya kazi ya hapa ilikuwa ya hoteli. Mdogo wangu alinitazama mpaka nikakohoa.

"Kaka, zile nguo ni za watu. Mimi nauza kufua."

Nikamwambia hayo ni mawazo ya wasiosoma. Akakaa juu ya ndoo. Wembe akamvushia chai. Mimi hata kikombe hakunionyesha. Wivu wa kitaalamu.

Ijumaa, 8 Machi
Mwenye nyumba alizisikia zile kelele. Miaka miwili kaifuta, katoa miezi mitatu. Mdogo wangu kasaini bila kuinua uso. Nilisema udobi unayumba, na umeyumba! Nani mwingine aliona? Wembe bado yuko wazi, ila yule ni mkaidi, hata kufa anachelewa. Ijayo ni zahanati ya meno. Nilishachungulia dirishani: hawana mali, meno ya watu tu. Ningeenda leo leo kuwaokoa, ila nimejifunga taulo. Suruali ninayo moja, iko rafuni kwa mdogo wangu, na kakataa kuitoa.